Mapigo ya moyo ya wiki ya sita: mashine inaona nini hasa?

Tarehe 14 Mei 2025, Mahakama ya Juu ya jimbo la South Carolina nchini Marekani ilitoa hukumu juu ya swali ambalo ungedhani ni la wakunga kuliko majaji: mapigo ya moyo ya mtoto aliye tumboni huanza lini? Sheria ya jimbo hilo inakataza kutoa mimba, isipokuwa kwa sababu chache, mara tu mapigo ya moyo yanapogunduliwa. Watoa huduma walioishtaki serikali walidai kwamba moyo hauwezi kuitwa moyo kabla ya sehemu zake kuu kujengeka, yaani karibu wiki ya 9. Serikali ya jimbo ikashikilia wiki ya 6, pale mashine inapoona kitu cha kwanza kikidunda. Majaji waliangalia jinsi wabunge walivyoijadili sheria ile, wakaona kila mtu alikuwa akizungumzia wiki 6, wakaipa serikali ushindi.

Tofauti yao ni wiki tatu tu. Lakini kwa mwanamke ambaye wiki hiyo ya 6 ndiyo kwanza anajipima na kuona mistari miwili, wiki tatu ni muda mrefu sana.

Mjadala huu umeshafika kwetu. Mmoja anakutumia video inayosema sayansi imethibitisha kwamba moyo hupiga siku ya 22. Mwingine anakutumia nyingine inayosema hakuna moyo wowote, ile sauti inatengenezwa na mashine. Na kwenye benchi la kliniki amekaa mama aliyepiga ultrasaundi jana, akaambiwa "mapigo hayajaonekana", na usiku kucha hakulala. Wote hawa wanazungumzia kipimo kimoja. Ili tuelewane, itabidi tuanze na kalenda, maana nusu ya ubishi inatoka hapo.

Hizo wiki zinahesabiwaje

Ukiambiwa mimba ina wiki 6, usidhani ilitungwa wiki 6 zilizopita. Hospitalini umri wa mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa sababu hiyo ndiyo siku ambayo wanawake wengi wanaikumbuka. Siku yai lilipokutana na mbegu haikuonwa na mtu. Kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, mimba hutungwa karibu siku ya 14. Maana yake wiki mbili za mwanzo katika hesabu ya hospitali mimba haikuwepo kabisa, na mimba ya wiki 6 ina umri halisi wa wiki 4 hivi. Hedhi yake imechelewa wiki mbili tu.

Vitabu vya embriolojia vina kalenda nyingine. Vyenyewe huhesabu tangu mimba ilipotungwa, na ndimo inamotoka ile "siku ya 22". Ongeza siku 14 za kalenda ya hospitali, unapata siku 36, yaani wiki 5 na siku moja. Mashine nayo huhitaji siku chache zaidi kabla haijaweza kuona kinachoendelea, tunafika karibu wiki ya 6. Kwa hiyo anayesema siku ya 22 na anayesema wiki ya 6 wanataja jambo lilelile kwa kalenda mbili.

Istilahi mbili kabla hatujaendelea. Kiumbe kinachokua tumboni huitwa kiinitete hadi mwisho wa wiki ya 10 ya hesabu ya hospitali, na kuanzia hapo huitwa kijusi. Katika wiki ya 6, basi, tunazungumzia kiinitete. Chukua rula ya mtoto wa shule, hesabu vistari vinne au vitano vidogo vya milimita. Hapo ndipo urefu wake unapoishia.

Kinachodunda ni nini

Moyo wa mtu mzima una vyumba vinne, na kati yake kuna vali zinazofunguka na kufunga ili damu isirudi ilikotoka. Kiinitete cha wiki ya 6 hakina hivyo vyote. Kina mrija mmoja mwembamba, uliotokana na mirija miwili iliyoungana, nao umeanza kujikunja. Ukuta wake una seli za misuli ya moyo, na seli hizo zina tabia ya ajabu: hujikaza zenyewe, kwa mdundo, bila kuamriwa na ubongo. Hata zikioteshwa kwenye sahani ya maabara hudunda. Fikiria mtu anaukamua mpira wa maji kwa mkono, akianzia mwisho mmoja kwenda mwingine. Mpira hauna koki ndani yake, lakini maji yanasogea. Ndivyo mrija ule unavyoanza kusukuma damu.

Vyumba huja baadaye. Mrija unajipinda, kuta za ndani zinaota, na kufikia wiki ya 9 au ya 10 moyo una vyumba vinne na vali zimeanza kushika umbo. Mdundo wenyewe unakwenda kasi kadiri siku zinavyosogea. Huanza na mapigo kama 100 hadi 110 kwa dakika wiki ya 6, hupanda hadi karibu 170 wiki ya 9, kisha hushuka taratibu.

Hapa kila upande wa mabishano una kosa lake. Wanaosema moyo mzima umekamilika na kupiga katika wiki ya 6 wanaongeza chumvi, kwa sababu moyo unaoujua wewe bado unajengwa. Lakini wapo pia wanaosema kilichopo ni "umeme tu", na hilo nalo si sahihi. Ultrasaundi haioni umeme hata kidogo. Inaona mwendo, yaani ukuta wa mrija ukisogea na kurudi. Kama mpimaji ameona kitu kinachezacheza kwenye kioo, ameona misuli ikijikaza kwelikweli. Ndiyo maana chama kikuu cha madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake cha Marekani hakikani kwamba kuna mwendo. Kinachopendekeza ni kwamba hatua hiyo iitwe shughuli ya moyo, na neno mapigo ya moyo wa kijusi lisubiri.

Na ile sauti?

Septemba 2022, Stacey Abrams, aliyekuwa akigombea ugavana wa jimbo la Georgia nchini Marekani, alisema hadharani kwamba hakuna mapigo ya moyo katika wiki ya 6 na kwamba sauti inayosikika imetengenezwa. Kauli ile ilizua kelele ambazo hadi leo hazijatulia, na inafaa ichambuliwe polepole kwa sababu ndani yake kuna fizikia ya kweli.

Mashine ya ultrasaundi hutoa mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliyasikii. Sikio letu linaishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, mashine inatumia mamilioni. Mawimbi yanaingia mwilini, yanagonga vitu, mwangwi unarudi, na kompyuta inauchora kuwa picha. Picha hiyo haina sauti. Kwa kawaida kipimo cha wiki ya 6 huonyesha tu kitu kinachometameta, na kama mpimaji anataka kujua kasi yake huipima kwa mchoro wa mistari unaopandashuka kwenye kioo.

Sauti ya "wush-wush" hutoka kwenye teknolojia nyingine ndani ya mashine hiyohiyo, iliyopewa jina la Christian Doppler, Mwaustria aliyeeleza kanuni yake mwaka 1842. Umewahi kusimama barabarani ambulensi ikapita mbio: king'ora kinasikika chembamba inapokujia, kizito inapokupita. Mwangwi unaorudi kutoka kwenye damu inayotembea hubadilika vivyo hivyo, na tofauti kati ya wimbi lililotumwa na lililorudi huangukia ndani ya kiwango ambacho sikio letu linaweza kusikia. Mashine huipeleka tofauti hiyo kwenye spika. Unachosikia ni kipimo cha mwendo kilichogeuzwa kuwa sauti. Ile "du-dup" inayosikika kifuani kwako kwa stetoskopu hutokana na vali kufunga, na vali hizo kiinitete hakina.

Abrams yuko sahihi, basi, kwamba sauti hutoka mashineni. Lakini hoja hiyo ikifuatwa hadi mwisho inamkosesha. Doppler ya wiki ya 30, ambayo mama wengi wameisikia wodini wakisubiri kujifungua, hutengenezwa na mashine kwa njia ileile, na hakuna anayedai kwamba mtoto huyo hana mapigo. Sauti ya asili, isiyopitia kompyuta yoyote, ni ile mkunga anayoisikia akiinama na kuweka sikio kwenye fetoskopu yake ya mbao au ya bati, nayo husikika kuanzia kama wiki ya 18 hadi 20. Kwa hiyo sauti kutengenezwa au kutotengenezwa haitufundishi lolote juu ya umri wa mimba wala hali ya moyo. Cha kuangalia ni muundo wa moyo wenyewe, na huo tumeshaueleza.

Jambo moja ningependa kina mama walijue: miongozo ya kimataifa ya wataalamu wa ultrasaundi inashauri Doppler isitumiwe bila sababu katika wiki 10 za kwanza, kwa kuwa hukusanya nguvu nyingi mahali padogo. Ukiwa na mimba changa usimbembeleze mpimaji akusikilizishe. Akikuonyesha mdundo kwenye kioo, inatosha.

Swali ambalo mashine haikuulizwa

Ultrasaundi ya uzazi ilizaliwa katika mji wa Glasgow, Uskoti. Mwaka 1958 daktari Ian Donald, pamoja na mwenzake John MacVicar na mhandisi Tom Brown, walichapisha picha zao za kwanza katika jarida la kitabibu la Lancet. Mwaka 1972, katika mji huohuo, Hugh Robinson alionyesha kwamba mwendo wa moyo unaweza kuonekana katika miezi mitatu ya mwanzo. Shida iliyowasumbua ilikuwa ya kitabibu: mama anatokwa damu, je, mimba bado inaendelea au imeharibika? Kabla ya hapo daktari hakuwa na la kufanya ila kusubiri. Mdundo kwenye kioo ulikuwa jibu la swali hilo, na kwa swali hilo ni jibu zuri sana.

Miaka arobaini baadaye wanasiasa wa Marekani walilichukua jibu hilo na kulipeleka kwenye swali jingine. Jimbo la North Dakota lilipitisha sheria ya mapigo ya moyo mwaka 2013, mahakama zikaizuia. Texas ikaanza kutumia yake tarehe 1 Septemba 2021, na humo mapigo yamefafanuliwa kuwa shughuli ya moyo au mdundo wa kujirudiarudia wa moyo wa kijusi ndani ya kifuko cha mimba. Juni 2022 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikafuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba, na sheria za aina hii zikapata nguvu katika majimbo kadhaa.

Kwetu mizani ni mingine. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 26, inasema uhai huanza mimba inapotungwa, kisha inataja hali ambazo kutoa mimba kunaruhusiwa, kama vile uhai au afya ya mama ikiwa hatarini. Kanisa Katoliki nalo linaanzia kutungwa kwa mimba. Wanazuoni wengi wa Kiislamu huhesabu siku 120 hadi roho inapopulizwa. Ukubaliane nao au usikubaliane, hakuna hata mmoja kati yao anayehitaji ultrasaundi ili ajue msimamo wake. Mimi naona hapo ndipo mkanganyiko mkubwa ulipo: mashine inasema "mrija umeanza kujikaza", na watu wanasikia "sasa ni mtu" au "bado si mtu". Hilo halimo kwenye picha. Atakayetaka kulijadili, na alijadili, itabidi alete hoja zake za dini, za maadili au za haki, maana fizikia haitamsaidia.

Mama aliyeambiwa "mapigo hayajaonekana"

Sasa turudi kwa yule wa kwenye benchi, kwa sababu yeye ndiye anayeumia zaidi na mkanganyiko huu, na ndiye anayeweza kusaidika leo.

Katika mimba inayoendelea vizuri vitu huonekana kwa mpangilio. Kwanza kifuko cha mimba, karibu wiki ya 5. Siku chache baadaye, ndani yake, duara dogo ambalo ni kifuko cha kiini. Kisha kiinitete chenyewe, na mdundo wake, karibu wiki ya 6. Hizi ni siku za kipimo kinachopitia ukeni, ambacho hukaribia kizazi. Kipimo cha kupitia juu ya tumbo, kile cha kunywa maji mengi mpaka kibofu kijae, kinachelewa kama wiki moja. Kwa hiyo mimba nzima kabisa ya wiki 6 inaweza isionyeshe chochote juu ya tumbo zaidi ya kifuko kitupu.

Ongeza tatizo la tarehe. Wapo wenye mizunguko ya siku 35 au 40. Wapo walioacha sindano ya uzazi wa mpango na hedhi haijakaa sawa, na wapo wanaonyonyesha, hedhi imerudi mara moja ikapotea tena. Kadi inasema wiki 7, mimba yenyewe ina wiki 5. Mashine haidanganyi hapo, kalenda ndiyo iliyokosea.

Ndiyo sababu madaktari wamejiwekea mipaka migumu kabla ya kutamka kwamba mimba imeharibika. Kwa kipimo cha kupitia ukeni, kiinitete kisicho na mdundo kinapaswa kiwe na urefu wa angalau milimita 7. Au, kama kiinitete hakionekani kabisa, kifuko kiwe na kipenyo cha wastani cha angalau milimita 25. Chini ya hapo jibu ni moja: rudia kipimo. Mwongozo wa Uingereza unataka angalau siku 7 zipite, na siku 14 ikiwa kipimo kilipitia juu ya tumbo. Hata vipimo vikivuka mipaka hiyo, mwongozo huo unataka mpimaji wa pili aangalie, au kipimo kirudiwe.

Mipaka hii ilizaliwa na machungu. Zamani ilikuwa chini zaidi. Uingereza ilikubali milimita 6 za kiinitete na 20 za kifuko. Mwaka 2009 nchini Ireland mwanamke mmoja aliambiwa mimba imeharibika, akapewa dawa, yeye akakataa kuamini, akatafuta kipimo kingine, na mtoto akaonekana hai. Alipojitokeza hadharani mwaka 2010 wengine nao wakasema yamewakuta. Serikali ikafanya mapitio ya nchi nzima, ripoti ikatoka 2011. Mwaka huohuo watafiti wa London walionyesha kwamba vipimo vilivyotumika vingeweza kuhukumu mimba iliyo hai, na Uingereza ikapandisha mipaka. Wataalamu wa Marekani wakafuata mwaka 2013.

Ukipewa karatasi ya majibu, kwa hiyo, tafuta herufi CRL. Ni urefu wa kiinitete kutoka utosini hadi matakoni. Ikiandikwa CRL 4 mm, 6w1d, ujue kiinitete kina milimita 4 na mashine inakadiria wiki 6 na siku moja. Kama mdundo haujaonekana kwa urefu huo, hakuna anayeweza kukuambia kwa uhakika kwamba mimba imekufa, na una haki kamili ya kusema: "Daktari, naomba turudie baada ya wiki moja kabla sijameza dawa au kusafishwa." Sema kwa heshima, lakini sema. Wakati mwingine kipimo cha pili kitathibitisha kwamba mimba imeharibika kweli, na hilo linauma. Mimba nyingi zinazoharibika mapema hutokana na hitilafu za kromosomu. Hukuzisababisha kwa kubeba ndoo ya maji, wala kwa kupanda bodaboda, wala kwa kukutana na mumeo.

Baadhi ya maneno ya mtaani niyapitie haraka. Ultrasaundi haina mionzi. Ni sauti, na haina uhusiano na eksirei. Kipimo cha kupitia ukeni hakiporomoshi mimba, kwa sababu kifaa huishia ukeni na hakiingii kwenye kizazi. Mapigo zaidi ya 140 hayamaanishi msichana wala chini ya hapo mvulana. Tumeshaona kasi ikipanda na kushuka kwa watoto wote. Na hulazimiki kukimbilia kipimo wiki ya 5 ikiwa huna dalili mbaya. Shirika la Afya Duniani linapendekeza ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24 kwa kila mjamzito, na kwa mimba isiyo na shida, ukisubiri hadi wiki ya 8 au zaidi utaona mengi na kuhangaika kidogo.

Kusubiri huku kuna mpaka mmoja. Ikiwa umepima mkojo ukaonyesha mimba, na kifuko hakijaonekana ndani ya kizazi, kuna uwezekano mimba imetunga nje, mara nyingi kwenye mrija wa uzazi, na mrija ukipasuka damu humwagikia tumboni bila kuonekana. Maumivu makali ya tumbo, hasa upande mmoja, kizunguzungu au kuzimia, maumivu ya bega yasiyo na sababu, au damu inayoongezeka: dalili hizi hazisubiri wiki moja wala asubuhi. Mwamshe aliye karibu nawe, mtafute usafiri, uende hospitali yenye chumba cha upasuaji usiku huohuo.